Mbuzi Watatu Nyuma ya Pikapu

Jumamosi hiyo Mbuvi alifika Nuu akiwa na neno moja tu la kumwambia mkewe, nalo lilikuwa fupi: rudi. Alikuwa amelibeba kutoka Kambu, akalala nalo Mwingi usiku wa Ijumaa, akalifanyia mazoezi kwa sauti ndani ya pikapu njia nzima kama mtoto anayejiandaa kukariri aya mbele ya kanisa. Lakini alipozima gari katika boma la baba mkwe wake, Mzee Nthiwa, ulimi ukamkauka. Ndivyo alivyoumbwa. Mbele ya wazee Mbuvi alikuwa na maneno mawili, "sawa" na "asante", na mengine yote aliyaacha garini.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomtoa Wayua kwake. Walikuwa na wageni wa kanisa siku moja baada ya Pasaka, na mama yake Mbuvi akaifunua sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliyopika Wayua, akaonja, akaimwagia kuku yote huku wageni wakitazama, kisha akapika nyingine. Mbuvi alikuwa ameketi pale pale. Aliletewa ile ya pili, akala, akasema asante. Kesho yake Wayua alikunja nguo zake na za watoto, akarudi kwa baba yake bila kugombana na mtu. Tangu hapo Mbuvi, muuza matikiti na machungwa kando ya barabara kuu ya Mombasa, akawa baba wa wikendi. Mara moja kwa mwezi alikwenda Nuu, akawachukua watoto, akawazungusha, akawarudisha Jumapili. Kila mara aliapa kwamba atasema, na kila mara alirudi nalo lile neno likiwa zima.

Watoto walitoka mbio kumlaki, Kalunde wa miaka tisa mbele na Munyao wa chekechea nyuma, kiatu kimoja mkononi. Wayua hakutoka. Mlango wa nyumba ulikuwa umeegeshwa tu, na katika upenyo Mbuvi aliona ncha ya leso ya manjano. Aliijua leso ile. Aliinunua yeye mwenyewe Kibwezi, enzi ambazo Wayua alikuwa akimcheka kwa kunyamaza kwake na kumwita mume wa redio iliyoisha betri. Moyo ulimdunda hadi akaogopa wazee wangeusikia.

Maana wazee walikuwapo. Mzee Nthiwa alikuwa ameketi kivulini pamoja na majirani wawili, mmoja amevaa kofia ya pama, na wote watatu walimtazama kwa makini zaidi kidogo kuliko kawaida. Baada ya salamu, Mzee Nthiwa alinyoosha fimbo kuelekea kwenye ua, ambako mbuzi watatu walikuwa wamefungwa, beberu mmoja na majike wawili.

"Pakia hizo mbuzi," alisema. "Peleka kwenu. Mama yako atajua."

Mtu mwingine angeuliza atajua nini. Mtu mwingine, ndugu msomaji, angeuliza angalau mbuzi ni wa nini. Mbuvi aliwabeba mmoja mmoja kwa mikono yake, akawafunga kamba nyuma ya pikapu, na yule wa kofia akainuka kidogo kwenye kiti ili aone vizuri. Mbuvi alijipangusa vumbi, akiwaza kwamba mzee anayekupa mbuzi hawezi kuwa na hasira nawe, na kwamba pengine huu ndio mwanzo wa mambo kutengenea.

"Asante, mzee," alisema.

Alipogeuka kuutazama mlango kwa mara ya mwisho, ulikuwa umefungwa. Akajiambia kwamba atasema kesho, akiwarudisha watoto.

Safari ilianza kwa furaha ambayo Mbuvi hakuwa ameionja kwa muda mrefu. Mwingi walisimama kula chipsi, na hapo watoto wakaamua mbuzi wapewe majina. Kalunde alieleza kwamba umau, yaani babu yao, alikuwa amewakataza. Aliwaambia hao si mbuzi wa kuchezea. Lakini umau hakuwapo garini, kwa hiyo beberu akaitwa Chifu, na majike wakaitwa Chapati na Sabuni, huyu wa mwisho kwa sababu alikuwa amekwisha kula kipande cha sabuni kilichokuwa nyuma ya gari.

Walipita mji wa Kitui, wakaenda hadi kwenye jiwe la Nzambani. Kila mtoto wa Kitui anajua habari za jiwe hilo, kwamba ukilizunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke anageuka mwanamume. Walipanda ngazi za chuma hadi juu, Munyao mgongoni kwa baba yake akiwa amefumba macho, wakaitazama nchi iliyotanda chini yao. Waliposhuka walimkuta Chifu amekata kamba, naye anakimbia kulizunguka jiwe huku mchunga mifugo mmoja mzee akimfukuza na kucheka.

Mbuvi naye akaanza kufukuza. Alikimbia mzunguko wa kwanza, akakimbia wa pili, watoto nyuma yake wakihesabu kwa sauti. Kufika wa tatu Munyao alikuwa analia.

"Baba, wacha kukimbia," alilia. "Utageuka mama, na mama tuko naye."

Mbuvi aliketi chini palepale akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kalunde ndiye aliyemkamata Chifu, kwa ganda la ndizi na subira, kisha akamkagua kwa uangalifu na kutangaza kwamba hajageuka chochote.

Mchana walishika barabara ya Mutomo, wakapita Ikutha, na walipofika kwenye daraja la mto Athi wakaegesha gari ili watoto watupe mawe majini. Munyao alikuwa ameambiwa kuna mamba na hakutaka kuondoka kabla hajamwona mmoja. Ni hapo Kalunde alipomsogelea baba yake taratibu.

"Mama alilia leo asubuhi," alisema. "Ukipakia mbuzi. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango."

Mbuvi alimwambia ni kwa sababu mama huwaonea hamu wakiondoka.

"Hakuwa anatuangalia sisi. Alikuwa anakuangalia wewe."

Basi hapo Mbuvi alipanda juu kuliko jiwe la Nzambani. Mwanamke anayemlilia mumewe nyuma ya mlango ni mwanamke anayempenda. Aliendesha gari sehemu iliyobaki akipiga mluzi, na jua lilikuwa halijazama walipoingia Kambu, malori yakinguruma barabarani na mama yake akiwa ameketi mbele ya nyumba akipembua pojo.

Mama aliwakumbatia wajukuu, akamshika zaidi Kalunde, aliyepewa jina lake. Kisha akazunguka nyuma ya pikapu. Ungo ulimtoka mikononi na pojo zikamwagika zote chini.

"Hizi mbuzi umetoa wapi?"

Mbuvi alimwambia ni Mzee Nthiwa aliyemtumia, tena kwa heshima, na kwamba alisema mama atajua.

"Nani alizipakia?"

"Ni mimi."

"Kulikuwa na wazee?"

"Wawili. Na yeye mwenyewe."

Mama yake alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Aliwaambia watoto waende wakaangalie kuku, akangoja wapotee nyuma ya nyumba.

"Mbuvi, hizi ni mbuzi za ntheo," alisema polepole. "Ndume moja, jike mbili. Vile tulipeleka kwao wakati ulikuwa unaoa, ndivyo wamezirudisha. Na wewe umezibeba na mikono yako, mbele ya mashahidi, ukatoka nazo kwa boma. Mmeachana, mwanangu. Wewe na Wayua mmeachana tangu asubuhi."

Mbuvi alisikia maneno lakini hayakuingia. Aliwatazama Chifu na Chapati na Sabuni, mbuzi aliowapa maji mara mbili njiani na kuwafunika turubai jua lilipokuwa kali. Siku nzima alikuwa amezunguka Ukambani akipiga mluzi na ndoa yake imekufa nyuma ya gari. Ntheo aliijua. Mkamba gani asiyeijua? Bila mbuzi hao hakuna ndoa, hata uwe na cheti na picha na keki, na wakirudishwa na kupokelewa hakuna ndoa tena. Lakini hakuwahi kumwona mtu akirudishiwa wake, na hata siku moja hakudhani kwamba jambo kubwa namna ile lingekuja kwa sauti ya mtu anayeomba lifti. Akaegemea tairi.

Alimpigia Wayua. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena na tena hadi mama yake akamwondolea simu mkononi.

"Pengine ni Mungu amepanga," mama alisema, lakini kwa sauti ya chini, isiyojiamini. "Huyo msichana hakuwahi kunipenda."

Mbuvi aliinua uso. Alikuwa amefika pale ambapo siku zote husema sawa, na safari hii sawa haikutoka.

"Mama, ulimwaga chakula chake mbele ya watu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Nilikuwa hapo. Nikakula chako nikanyamaza. Sitanyamaza tena. Kesho naenda kumwomba arudi, na akikubali nitamjengea nyumba yake kule ng'ambo ya mwarubaini, na jiko lake. Utaingia ukikaribishwa. Nakupenda wewe, lakini yule ni mke wangu."

Mama yake alimkodolea macho. Kisha akainama, akaanza kuokota pojo moja moja kutoka vumbini.

"Haya maneno," alisema, "yalikuwa wapi huu mwaka wote?"

Jumapili waliondoka mapema bila hata kwenda kanisani. Mama alikuja hadi garini, akampa Kalunde kifurushi kilichofungwa kitambaa, akamwambia asikifungue na asimpe mtu mwingine ila mama yake. Watoto waliona baba yao hapigi mluzi, nao wakanyamaza. Hawakusimama kwenye jiwe. Hawakusimama darajani. Mbuzi walilia nyuma njia nzima.

Nuu waliwakuta wazee walewale kivulini, wametoka ibadani na chai mikononi. Vikombe vilisimama hewani pikapu ilipoingia. Mbuvi hakusalimu. Alifungua mlango wa nyuma, akawashusha mbuzi mmoja mmoja, akawafunga pale pale kwenye ua walipokuwa jana. Fundo la kwanza lilifunguka, akalifunga tena.

"Mbuvi," Mzee Nthiwa alisema, "unafanya nini?"

"Nataka kuuliza, mzee."

Katika miaka yote ya ukwe, hakuna aliyewahi kumsikia Mbuvi akiuliza kitu katika boma lile.

"Hizi mbuzi ni za nani?"

"Ni zako. Nilikurudishia mbele ya hawa. Ulizipakia mwenyewe, ukasema asante."

"Kama ni zangu," Mbuvi alisema, "basi mimi ni mwanaume hana mke, nimekuja kwako na mbuzi tatu zangu, ndume moja na jike mbili, nimezifunga kwa boma lako. Na hii nyumba iko na msichana. Nimekuja kumwomba."

Mzee Nthiwa aliwanyooshea mbuzi fimbo. "Hizo nilinunua mimi, sokoni Mwingi. Hauwezi kuposa kwangu na mbuzi zangu."

"Basi ni zako. Ulinipatia nikubebee, nimekubebea, nimezirudisha zikiwa nzima. Sijaachana na mtu."

Aliyeanza kucheka alikuwa yule mzee wa kofia. Alijaribu kuficha kicheko ndani ya kikombe, chai ikampalia, akakohoa mpaka jirani akampiga mgongo. Mzee Nthiwa hakucheka. Alimtazama mkwewe kama mtu aliyesikia jiwe likimsalimia. Kisha akageuka kuelekea mlango wa nyumba, kwa maana desturi ilimfunga yeye pia. Msichana akiombwa, lazima aulizwe.

Hakuhitaji kumwita. Mlango ulikuwa wazi, na Wayua alikuwa amesimama kizingitini na leso yake ya manjano, macho yamevimba. Alikuwa amekonda. Mbuvi alimtazama, na maneno yote aliyoyafanyia mazoezi kutoka Kambu asubuhi hiyo yakatawanyika.

"Wayua," alisema. Kwa kawaida alimwita Mama Kalunde. "Sikujua. Naapa sikujua zilikuwa za nini. Kama ningejua singezigusa."

"Mimi nilijua," Wayua alisema.

Mbuvi alidhani amesikia vibaya.

"Nau aliniambia wiki jana," aliendelea, akimwelekezea baba yake kidevu. "Alisema nimekaa hapa sana, watu wanauliza. Nikamwambia ajaribu. Nikamwambia, akiuliza hata swali moja, hata hizi ni za nini tu, mimi nitatoka hapo ndani niwafungue na mkono wangu. Nikasimama hapa nyuma ya mlango. Nikakuona ukibeba ya kwanza. Nikasema ataniuliza kwa ya pili. Ukabeba ya pili." Akamtazama usoni. "Ukasema asante, Mbuvi. Vile ulisema ile siku ya muthokoi."

Mbuvi alihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima alfajiri. Kumbe upenyo ule wa mlango ulikuwa umeachwa kwa ajili yake. Kumbe neno lolote, hata la kijinga, lingetosha, naye alisimama hatua chache tu kutoka kwa furaha yake akiwafunga mbuzi kamba. Machozi yalimtoka mbele ya wazee, na hakuyafuta.

"Niko na maneno sasa," alisema. "Nimechelewa, lakini niko nayo. Jana nilimwambia mama mambo ya ile siku. Nimemwambia nitakujengea nyumba yako ng'ambo ya mwarubaini, na jiko lako, na hakuna mtu atainua kifuniko cha sufuria yako kama hujamwambia. Nakuomba urudi. Nilikuja jana kusema hivyo, na mwezi uliopita, na ule mwingine. Rudi, Wayua. Siwezi hii maisha ya wikendi."

Kalunde ndiye aliyesogea kwanza. Alikuwa amekumbuka kazi yake, akaenda kumpa mama yake kile kifurushi. Wayua alikifungua kitambaa. Ndani kulikuwa na pojo, zimepembuliwa na kuoshwa, hazina hata chembe moja ya vumbi.

"Susu amesema nikupee wewe peke yako," Kalunde alieleza, akimtaja nyanya yake. "Amesema upike vile wewe unapenda."

Wayua alizipitisha pojo zile vidoleni. Mbuvi, aliyemjua mama yake tangu kuzaliwa, hakuamini macho yake, na ilikuwa dhahiri kwamba Wayua naye hakuamini ya kwake. Aliwatazama wazee, akamtazama mumewe asiye mumewe, mashavu yamelowa, shati limejaa manyoya ya mbuzi. Kisha akampa Kalunde kifurushi akishike, akatembea hadi uani, akafungua kamba ya Chapati.

"Nau," alimwambia baba yake, "pokea hii moja."

Mzee Nthiwa aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kushangazwa, hao wengine wawili je.

"Hao wengine wanarudi Kambu na mwenyewe. Siku hilo jiko litapauliwa, awalete." Alimwongoza Chapati hadi zizini, akamwingiza, akafunga. Munyao alikuwa amekwisha kumshika baba yake mguu na kuuliza kama Chifu anaweza kulala naye chumbani.

Wayua alirudi akipita karibu sana na Mbuvi, karibu kiasi cha leso kumgusa mkono. Hakusimama. Alipofika mlangoni ndipo alipogeuka, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka Mbuvi aliona lile tabasamu lililokuwa likimcheka zamani, dogo bado, la mtu asiyetaka kulitumia lote kwa siku moja.

"Na ukikuja, ukikuta nimesimama tena nyuma ya mlango," alisema, "bisha hodi."